Maswali ya Wasomaji: Wembe wa Mpini na Kinoo cha Asili

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: kunoa wembe wa kunyolea ndevu, ule wa mpini unaokunjwa, kwa vinoo vya mawe ya asili. Zinazouliza kitu kimoja tumeziunganisha. Katika majibu yetu, mgongo ni ule upande mnene wa wembe unaolala juu ya jiwe pamoja na makali. Mteremko ni ukanda mwembamba unaong'aa kila upande wa makali. Kisigino ni mwisho wa makali ulio karibu na mpini. Na tope ni maji yaliyochanganyika na unga wa jiwe.

Wahenga walisema kinolewacho hupata, lakini wembe wangu haupati kitu. Nimenunua kinoo cha manjano cha Ubelgiji kwa fedha nyingi. Nanoa kwa maji safi, taratibu, kama muuzaji alivyoelekeza, na bado wembe unavuta ndevu badala ya kuzikata. Nimeuziwa jiwe bovu?
*Mwenye kinoo kipya*

Yaelekea jiwe ni zima. Wembe ndio haujaandaliwa. Kinoo cha manjano kikitumiwa kwa maji matupu hula chuma polepole mno. Hiyo ni hatua ya kumalizia. Kama miteremko ya pande mbili haijakutana kwenye mstari mmoja kuanzia kisigino hadi ncha, utasugua mpaka usiku uingie na utakachopata ni mteremko unaong'aa juu ya makali butu. Barua nyingi zinazolaumu jiwe, ukizichunguza, lawama ni ya mteremko.

Hakikisha hivi. Shika wembe chini ya taa, makali yakielekea juu, uuyumbishe kidogo. Makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga. Ukiona uzi unaometa, hata wa milimita mbili, hapo miteremko haijakutana. Kisha paka mteremko wino wa kalamu ya maka, pitisha wembe kwenye jiwe mara tatu bila kuukandamiza, utazame kwa lenzi inayokuza mara 30 au zaidi. Wino ukibaki ukingoni kabisa wakati nyuma yake umefutika, jiwe halifiki kwenye makali.

Dawa yake ni kurudi mwanzo. Gusisha makali kwenye ukingo laini wa gilasi, mara moja au mbili, kwa uzito wa wembe wenyewe, mpaka yasinyoe hata nywele za mkono. Watu hushtuka wakiambiwa wafubaze wembe wanaotaka kuunoa, lakini kuna sababu: ukianzia kwenye ubutu unaoujua, siku nywele za mkono zitakapoanza kukatwa utakuwa na hakika kwamba ni kazi yako wewe, si mabaki ya makali ya zamani. Halafu tengeneza tope zito, noa kwa kwenda na kurudi bila kuinua wembe, mara 30 upande mmoja na 30 upande wa pili, kidole kimoja kikiegemea ubapa kwa wepesi. Rudia mizunguko hiyo mpaka wembe unyoe nywele za mkono kwa urefu wake wote. Jaribu sehemu tatu: kisigino, katikati, ncha. Sehemu moja ikikataa, bado.

Ukiwa na kinoo cha kiwandani cha namba 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo), kitumie kwa hatua hii bila aibu. Kitamaliza kwa dakika chache kazi ambayo jiwe la asili linaweza kuila saa nzima, hasa kama wembe una mapengo. Uzuri wa mawe ya asili unaonekana mwishoni.

Jiwe langu ni namba ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa namba tofauti.
*Mpenda vipimo*

Halina namba. Namba za vinoo vya kiwandani zinatokana na chembe zilizochujwa kwa ukubwa mmoja. Mwamba haukuchujwa na mtu. Zaidi ya ukubwa wa chembe kuna umbo lake, kuna ugumu wa kile kinachozishikilia, na kuna namna zinavyovunjika. Kinoo cha manjano cha Ubelgiji kina chembe nyingi ndogo za garneti, madini magumu, ambazo kwa kipimo cha mikroni zingeonekana kubwa kupita kiasi kwa wembe. Lakini garneti hizo zina nyuso nyingi na zinakaribia kuwa duara, kwa hiyo hukwaruza mikwaruzo mifupi ya kina kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo jiwe hilo moja linaweza kuanza kazi na kuimaliza. Muuzaji akikwambia ni namba fulani, chukua kama makadirio yake kuhusu makali yatakayotoka.

Nataka kununua jiwe moja tu. Mnipe tofauti za yale yanayotajwa sana.
*Mnunuzi mwangalifu*

Jiwe la Ubelgiji linachimbwa katika milima ya Ardennes, maeneo ya Vielsalm na Lierneux. Tabaka za manjano ni nyembamba, ndiyo maana mara nyingi hubandikwa kwenye sleti ya kulishikilia. Mengine yametoka ardhini yakiwa yameungana yenyewe na jiwe la buluu. Hilo la buluu pia ni kinoo, lenye garneti chache zaidi na mwendo wa polepole zaidi. Makali ya jiwe la manjano ni laini usoni. Wapo wanaosema hayafiki ukali wa mengine. Sisi tunaona wengi wao waliacha kuzimua tope mapema.

Jiwe la Thüringen, Ujerumani, ni sleti laini ya rangi kuanzia kijani-manjano hadi buluu iliyoiva. Jina la Escher ndilo maarufu, na wanaoyakusanya hulipa zaidi kwa lenye lebo yake ya karatasi. Kwa jiwe la kumalizia, ni rahisi kuliko yote: linasamehe mkono wa mwanafunzi. Tatizo ni kwamba yanayouzwa ni ya zamani, bei yake iko juu, na bandia hazikosekani.

Jiwe la Arkansas, Marekani, linatoka milima ya Ouachita. Ni novakulaiti, yaani kwazi tupu yenye chembe ndogo zilizoshikamana sana. Kwa wembe yanafaa meusi magumu na yale yanayopitisha mwanga ukingoni. Laini yaache kwa visu. Hayaliki haraka, na ukiyatunza hata wajukuu watayatumia. Yanadai uvumilivu.

Mawe ya Japani yanayosifiwa kwa wembe yalichimbwa karibu na Kyoto, katika machimbo kama Nakayama, Ozuku na Shoubudani. Yanaweza kutoa makali makali kuliko yote tuliyotaja. Pia ndiyo yenye hatari kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu mawe mawili yenye muhuri wa chimbo moja yanaweza kutofautiana kabisa, na muhuri wenyewe hugongwa na yeyote mwenye wino.

Kwa jiwe moja la kuanzia na kumalizia, chukua la Ubelgiji. Kama tayari una vinoo vya kiwandani hadi namba 8000 na unatafuta la kumalizia tu, Arkansas gumu au la Thüringen litakupunguzia maumivu ya kichwa. Urefu wa sentimita 15 hadi 20 unatosha. Upana wa sentimita 4 unafaa kabisa kwa mpigo wa mshazari, unaoanzia kisigino na kuishia ncha, na bei hupungua sana ikilinganishwa na jiwe linalotosha makali yote kwa mara moja.

Naomba hatua za kunoa kwa jiwe la manjano tangu tope hadi maji safi. Nimejaribu kuzimua lakini makali hufika mahali yakagoma.
*Msomaji wa siku nyingi*

Makali kugoma katikati ya safari ndiyo shida kubwa ya jiwe hili, na sababu yake iko ndani ya tope. Chembe zilizolegea zinaelea mbele ya makali, na kila unaposukuma wembe, makali yanagongana nazo uso kwa uso. Upande wa mteremko yananolewa, ukingoni yanagongwa. Kwa kila uzito wa tope kuna kiwango ambacho faida na hasara vinalingana. Ukifika hapo, mipigo 200 zaidi haikusogezi hata kidogo. Kinachokusogeza ni maji.

Anza baada ya mteremko kukamilika kama tulivyomweleza mwenye kinoo kipya. Osha jiwe, mimina maji, usugue kwa kijiwe kidogo cha aina ileile mpaka upate tope lenye rangi na wepesi wa maziwa. Likiwa zito kama uji, umezidisha.

Piga mipigo ya kwenda na kurudi, 20 kila upande, halafu mipigo 10 ya mshazari: wembe unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe na kumalizia ncha ikiwa juu yake, makali yakitangulia. Sasa chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja au mawili juu ya jiwe, usambaze kwa wembe. Mipigo 10 au 15 ya mshazari kila upande. Tone jingine. Endelea hivyo, na kadiri tope linavyokuwa jepesi ndivyo mkono wako uwe mwepesi. Wengi wanahitaji kuzimua mara 10 hadi 15 kabla maji hayajabaki safi. Anayeruka kutoka maziwa hadi maji kwa mara tatu anaacha kazi ya katikati bila mwenyewe, kwa sababu jiwe kwenye maji tupu halina nguvu ya kufuta alama za tope zito.

Usiruhusu jiwe likauke. Tope likikauka ukingoni linazidi uzito hata kama hukuongeza kitu, na unakuwa umerudi hatua tano nyuma pasipo kujua.

Mwisho, osha jiwe na wembe chini ya maji yanayotiririka, uoshe na mikono yako. Weka maji safi, piga mipigo 30 hadi 50 ya mshazari kwa uzito wa wembe peke yake, vidole viwili vikiongoza mpini tu. Dalili ya kufika ni kwamba wembe unaanza kunata kwenye jiwe, kama vile maji yanaufyonza, na maji yaliyo mbele ya makali yanapanda juu ya ubapa badala ya kusukumwa. Usipoisikia dalili hiyo baada ya mipigo 50, usiongeze mingine 100. Rudi kwenye tope jepesi, rangi ya maji yaliyooshewa mchele, uzimue tena. Usirudi hadi kwenye maziwa isipokuwa wembe umeshindwa kunyoa nywele za mkono.

Tope litengenezwe na kijiwe cha aina ileile. Bamba la almasi linalifanya kwa haraka zaidi, ila likiwa jipya chembe za almasi zinaweza kung'oka na kubaki juu ya jiwe. Mkwaruzo mmoja wa almasi huonekana kwa lenzi kama mtaro. Lizoeshe bamba jipya kwa kulisugulia vinoo visivyo na thamani kwanza.

Nifunge mgongo kwa utepe au nisifunge?
*Mwenye wasiwasi*

Utepe wa mafundi umeme una faida mbili: unalinda mgongo wenye nakshi usilike, na unaongeza pembe ya makali. Kwa wembe wenye upana wa milimita 20 na mgongo wa milimita 5.5, pembe ni kama digrii 15.7. Tabaka moja la utepe wa unene wa milimita 0.15 huinua pembe hadi digrii 16.5 hivi. Ongezeko ni dogo, lakini wembe ambao mgongo wake umelika sana kwa kunolewa vibaya huhitaji hasa hicho kidogo.

Ukishaamua, usibadilike. Wembe ulionolewa kwa utepe ukiunoa bila utepe, jiwe litagusa nyuma ya mteremko na makali yenyewe yatabaki hewani. Utepe nao hulika: ubadilishe kila unapoingia hatua nyingine, na uchague wa unene uleule. Utepe uliochanika katikati ya kazi hubadilisha pembe ya nusu ya wembe.

Kinoo changu cha Arkansas kilikuwa kikinoa vizuri, sasa wembe unateleza tu juu yake kama kwenye kioo.
*Fundi visu*

Hiyo ndiyo tabia yake. Chembe za novakulaiti hazing'oki zikaacha mpya kuchomoza. Zinapakwa chuma na kupungua ncha, mpaka uso unakuwa laini. Kwa hiyo kwenye jiwe hili kazi inaamuliwa na namna ulivyouandaa uso kuliko chembe zilizo ndani yake.

Weka msasa wa maji wa namba 220 au unga wa silikoni kabaidi juu ya kipande cha kioo kinene kilichonyooka, maji kidogo, usugue jiwe mpaka mistari ya penseli uliyoichora juu yake ifutike yote. Upande mmoja uishie namba 400: huo utakula chuma. Upande wa pili uendelee hadi 600 au 1000, kisha uusugue kwa kipande cha chuma kigumu na mafuta mepesi kwa dakika kumi hivi ili vilele vikali vivunjike. Huo ndio wa kumalizia wembe, na ni kawaida kuhitaji mipigo 100 au zaidi juu yake. Mafuta mepesi ya madini yanafaa. Maji yenye tone la sabuni ya vyombo yanafaa pia. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata.

Kama hujui jiwe lako ni jamii ipi, pima msongamano wake, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Lipime likiwa kavu. Kisha weka chombo cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa huu wa pili. Jiwe la gramu 500 likionyesha gramu 196 ndani ya maji, jibu ni 2.55, na hilo ni la kundi gumu. Likionyesha 222, jibu ni 2.25: lina matundu mengi, ni laini, halitamaliza wembe hata uliandae vipi.

Nimepata jiwe la Kyoto na vijiwe vinne vya nagura. Nianze na kipi?
*Msomaji*

Nagura ni vijiwe vya kutengenezea tope juu ya jiwe kubwa. Zile za Mikawa, mkoa wa Aichi, hufuatana hivi kwa kawaida: Botan, Tenjou, Mejiro, Koma, na mwisho kabisa kijiwe cha mwamba uleule wa jiwe lako, tomonagura. Botan ni ya kazi nzito; kama umetoka kwenye kinoo cha namba 5000, iruke. Kijiwe kidogo ndicho kinachonoa na jiwe la chini linakishikilia, ndiyo maana jiwe la chini lazima liwe gumu kuliko nagura, la sivyo matope mawili yanachanganyika na hujui lipi linafanya kazi.

Kwa kila kijiwe, tengeneza tope, noa mpaka liwe jeusi na jepesi. Chembe hizi, tofauti na garneti, huvunjika na kuwa ndogo kadiri unavyonoa, kwa hiyo hapa usiharakishe kuongeza maji. Ongeza tone tu pale wembe unapoanza kukwama. Osha kabisa kabla ya kijiwe kinachofuata. Tomonagura iwe tope jepesi sana, na mwisho maji kidogo.

Pitisha ukucha juu ya uso wote wa jiwe kabla ya kuanza. Mstari unaokwaruza ukucha utakwaruza na makali. Mstari wa rangi usiosikika hauna madhara. Usiliroweke jiwe, na pande zake zipake vanishi au lakeri tabaka kadhaa, kwa sababu maji yakiingia kati ya tabaka jiwe hupasuka kama kurasa. Lile la Ubelgiji lililobandikwa nalo lisirowekwe, gundi haipendi.

Baada ya kunoa nikitazama kwa lenzi naona meno madogo kwenye makali, na usoni nasikia kama msasa.
*Kinyozi anayejifunza*

Sababu ziko nne, na kila moja ina dalili zake.

Meno yakiwa mahali pamoja kila mara, yaelekea ni kutu. Unyevu umeingia kwenye chuma na kuacha vishimo. Ukinoa, ukingo unafika kwenye kishimo na kuvunjika. Noa zaidi mpaka upite chuma kilichooza. Wakati mwingine hakiishi, na wembe huo ni wa kabatini.

Meno yaliyotawanyika urefu wote yanatokana na kukandamiza. Wembe uliochongwa mbavu nyembamba hupinda chini ya kidole. Ukimaliza hatua ya mteremko, kidole kiondoke.

Mkwaruzo mmoja mrefu unaoishia kwenye pengo moja ni chembe ngeni: almasi, unga wa msasa, au punje iliyobaki kwenye kona ya jiwe. Osha jiwe kwa brashi. Kona zote za jiwe zivunjwe kwa mshazari wa milimita moja au mbili, maana kona kali hukata makali pale kisigino kinapoishukia.

Ya nne huonekana kama meno lakini si meno: ni unyuzi wa chuma, ukingo mwembamba uliopinda upande mmoja na kukatika vipande. Unatokea ukinoa upande mmoja mara nyingi bila kugeuza. Ukifika mwisho wa kazi, geuza wembe kila mpigo mmoja. Unyuzi ukishakuwapo, gusisha makali kwenye gilasi mara moja, urudi kwenye tope jepesi.

Kisigino na ncha vinanoleka, katikati hapanoleki. Jiwe nimelinyoosha juzi.
*Mkereketwa*

Basi wembe wako una tumbo la ndani. Uweke makali yakigusa kioo kilichonyooka, uelekeze taa nyuma yake: mwanga ukipita katikati, umepata jibu. Wembe wa namna hii mara nyingi ni matokeo ya kunolewa kwa miaka juu ya jiwe lililovimba katikati. Kuna njia moja tu, kula chuma cha kisigino na ncha mpaka mstari unyooke, kwa namba 1000 au chini zaidi, na mgongo ukilindwa kwa utepe. Wembe utapungua upana.

Kinyume chake, wembe ambao makali yake yametuna katikati kwa makusudi ya mtengenezaji haudai kurekebishwa. Unadai mkono wako uviringike: anza mpigo kwa uzito upande wa kisigino, na kadiri wembe unavyosonga inua mpini kidogo ili mguso uhamie ncha. Jiwe jembamba hurahisisha sana. Ukilazimisha makali hayo yalale yote kwa pamoja, utaharibu umbo na bado ncha haitanoleka.

Babu ameacha kinoo kilicholowa mafuta meusi. Nitajuaje ni jiwe gani, na nitalisafishaje?
*Mjukuu*

Anza na kusafisha, rangi itajitokeza. Lipake sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji, sugua kwa brashi ya meno, osha kwa maji ya vuguvugu, rudia kwa siku kadhaa. Mafuta yaliyoganda yalegeze kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto, kisha sabuni tena. Usilichemshe. Mawe yenye tabaka hupasuka, na yaliyobandikwa huachana.

Manjano juu ya sleti nyeusi au ya zambarau: Ubelgiji, karibu hakuna jingine. Jeupe, jeusi au kijivu chenye kupitisha mwanga ukingoni unapoweka tochi nyuma yake: Arkansas. Kijani kizito chenye mawingu mekundu, gumu sana: huenda ni Charnley Forest la Leicestershire, Uingereza, ambalo lilitumiwa sana kwa wembe na linapenda mafuta. Kwa sleti za kijani na buluu jicho halitoshi, lakini hata bila jina unaweza kulijaribu: noa wembe hadi namba 5000, tazama mikwaruzo kwa lenzi, piga mipigo 50 juu ya jiwe la babu kwa maji, tazama tena. Mikwaruzo ikififia, una jiwe la kumalizia. Ikiongezeka, una jiwe la visu.

Ukilinyoosha, fanya hivyo likiwa limelowa daima. Vumbi la mawe haya lina silika, na silika ikivutwa kavu kwa muda huharibu mapafu pasipo tiba. Futa tope kabla halijakauka, usilifagie.

Mkanda wa ngozi una kazi gani kama jiwe limeshamaliza?
*Msomaji*

Jiwe hutengeneza makali, mkanda huyanyoosha na kuyasafisha. Piga 20 hadi 30 kwenye turubai, 50 kwenye ngozi, mgongo ukitangulia, na ukigeuza wembe ugeuze juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Uvute mkanda ukaze na unyooke. Ukilegea, ngozi inaukumbatia ukingo na kuuviringisha. Fanya hivyo kila kabla ya kunyoa. Kwa mtumiaji mmoja anayeutunza wembe, jiwe litahitajika baada ya miezi, na hapo mipigo 30 hadi 50 kwa maji safi hutosha. Tope usiliguse mpaka maji yashindwe.

Nina duka langu la kunyolea. Naweza kuwanyoa wateja kwa wembe nilionoa mwenyewe?
*Mwenye duka*

Hapana. Wembe wenyewe unaweza kutakaswa kwa mashine ya mvuke, lakini jiwe na mkanda wa ngozi vina matundu yanayoshika damu na maji ya mwili, na hakuna dawa inayovitakasa bila kuviharibu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa siku saba au zaidi. Kwa wateja tumia mpini wa wembe wa kubadilisha: wembe mpya kwa kila mtu, uliotumika uingie kwenye kasha la vitu vyenye ncha mbele ya macho yake. Ulionoa kwa jiwe uwe wa uso wako peke yako.